Tuhubiri bila woga, lakini mahali tunapoweza kujibiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye juma lililopita alitaka wahubiri wote waondolewe katika matatu, steji na bustani za jiji la Nairobi, kwa hoja kwamba imani ni jambo la mtu na Mungu wake na kwamba anayeitaka anajua kanisa liko wapi. Barua yake ilikuwa kali lakini haikuwa ya matusi, na mengi aliyoyalalamikia ni ya kweli. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa mtaani Umoja, na kwa miaka minane sasa, kila Jumatano saa ya chakula cha mchana, mimi na wenzangu wawili huketi katika bustani ya Jeevanjee tukizungumza habari za Yesu Kristo na yeyote anayetaka kuzungumza. Kwa hivyo barua ile ilinihusu, na sikuona vyema kuinyamazia.

Katika jambo moja msomaji huyo amekosea. Kifungu cha 32 cha Katiba tuliyoizindua Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010 kinampa kila mtu haki ya kudhihirisha dini au imani yake, akiwa peke yake au pamoja na wengine, faraghani au hadharani, kwa ibada, matendo, mafundisho au maadhimisho. Neno hilo la hadharani halikuingia humo kwa bahati mbaya. Kifungu cha 8 nacho kinasema kwamba hakuna dini ya taifa, kumaanisha kwamba hakuna anayeweza kusimama Jeevanjee akadai ametumwa na serikali, wala hakuna anayeweza kumfukuza mwingine pale kwa kuwa tu dini yake haipendezi. Haki hii si ya Wakristo peke yao. Mwislamu anayeendesha muhadhara kando ya soko anaihitaji, na asiyeamini kwamba kuna Mungu anaihitaji vilevile. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya zaidi ya 755,000 waliosema hawana dini, na baadhi yao husema hivyo mbele za watu kwa uwazi ambao ningependa kuuona kwa washirika wa kanisa langu. Nikitaka nisikizwe mimi, sina budi kukubali kwamba watoto wangu nao watayasikia mahubiri nisiyokubaliana nayo.

Lakini haki ya kusema haimlazimishi mtu kusikiliza, na hapa ndipo malalamiko ya msomaji yanaponigusa, kwa sababu abiria aliyelipa nauli na kukaa kwenye kiti chake hawezi kuondoka mhubiri anapoanza. Ninataka nieleze nilichokiona ndani ya basi moja mwezi uliopita, maana kimenisumbua tangu siku hiyo.

Nilipanda asubuhi nikielekea mjini. Tulipopita Donholm, kijana wa miaka kama ishirini na miwili, aliyevaa koti lililompwaya mabegani, alisimama nyuma ya kiti cha dereva, akashika chuma kwa mkono mmoja na Biblia kwa mkono wa pili, akaanza kutusalimu katika jina la Bwana. Nusu ya abiria walikuwa wameziba masikio kwa vipokea sauti vya simu. Kondakta alinyoosha mkono akaongeza sauti ya muziki. Kutoka nyuma mwanamume mmoja alimwambia akae chini kwa kuwa watu wamechoka nao, na mama aliyeketi karibu nami akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika basi zima, kwamba hata Shakahola ilianza hivyo hivyo. Kijana alinyamaza. Niliona vidole vyake vikikaza ile chuma. Kisha akageuka kwa yule mama, akamwambia, "Mama, una haki ya kusema hivyo," akamwomba kondakta dakika mbili, na kwa sauti ya chini kuliko alivyoanza akaeleza jinsi alivyokuwa mtumwa wa chang'aa tangu akiwa darasa la nane, jinsi alivyoombewa na majirani, na jinsi ambavyo leo ana mwaka mmoja na miezi minne hajaionja. Hakupitisha bahasha. Tulipofika Muthurwa aliteremka, nami nikateremka nyuma yake na kumuuliza kama huwa haogopi. Akanijibu, "Mzee, kila siku magoti hunitetemeka."

Huyo ndiye ninayemwita jasiri, wala si kwa sababu alizomewa, maana kuzomewa peke yake hakumpi mtu cheo mbele za Mungu. Nilimwona jasiri kwa sababu alipopingwa alisikia alichoambiwa. Hakumkemea yule mama kwa jina la Yesu wala hakumtishia moto wa milele kati ya Donholm na Muthurwa. Alimpa haki yake, kisha akasema alilokuwa nalo.

Tujiulize basi, sisi tunaojiita wahubiri, kwa nini jiji ambalo wengi wa wakazi wake hujitaja kuwa Wakristo limechoshwa nasi kiasi hicho. Anayetupinga Nairobi si mpagani ambaye hajawahi kulisikia jina la Yesu. Mara nyingi alibatizwa, alikariri mistari ya dhahabu katika shule ya Jumapili, na aliwahi kumwona mama yake akimpelekea mtu fulani fedha za kununulia mbegu ya muujiza ambao haukutokea. Tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili ambayo hatimaye ilizidi 400, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Kristo, kila mwenye Biblia mkononi anatazamwa mara mbili. Nasi tunastahili kutazamwa hivyo. Sioni uonevu wowote katika swali la yule mama; naona mtu aliyejifunza kwa uchungu kwamba neno la mhubiri linaweza kuua. Mhubiri anayelia kwamba anateswa kwa ajili ya Injili, wakati anachoulizwa ni risiti ya fedha za waumini, analitukana jina la wale walioteswa kweli.

Nami nitasema wazi kuhusu sadaka za ndani ya matatu, ingawa najua wenzangu wengine watakasirika. Zikome. Yeyote anayezungumza na watu wasioweza kuteremka, kisha akawapitishia mkono, amewageuza wasikilizaji kuwa mateka na Injili kuwa bidhaa, hata kama njaa yake ni ya kweli. Kama kijana ana njaa, kanisa lake limlishe.

Kuhusu kelele sitakawia, kwa sababu sheria ipo: kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinahusu spika ya kanisa sawasawa na spika ya baa. Hakuna aya ya Biblia iliyotuahidi vipimo vya pekee.

Ninapolisoma neno ujasiri katika kitabu cha Matendo ya Mitume, silioni likihusu ukubwa wa sauti. Petro na Yohana walikamatwa, wakalazwa rumande usiku kucha, na asubuhi wakasimamishwa katikati ya baraza lile lile lililokuwa na uwezo wa kuwarudisha gerezani, wakaulizwa swali, wakajibu. Wale wakubwa walistaajabu kwa sababu watu hawa hawakuwa na elimu na bado walisema bila kificho. Walipoachiliwa wakaenda kwa wenzao na kuomba, hawakumwomba Mungu awaondolee wapinzani. Waliomba wazidishiwe ujasiri. Baadaye Petro yuleyule, akiwaandikia Wakristo waliokuwa wakisumbuliwa, aliwataka wawe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yao, akaongeza "lakini kwa upole na kwa hofu". Tazameni kwamba anazungumzia kujibu, na mtu hajibu asipoulizwa, wala haulizwi na mtu ambaye amemzibia masikio. Ndiyo maana nasema kwamba spika iliyofungwa juu ya mlingoti, ikiuelekea mtaa mzima saa kumi na moja alfajiri, mara nyingi ni maficho ya mtu mwoga. Inamkinga asijibiwe. Kumwambia mtu mmoja, uso kwa uso, mtu anayekujua na anayejua makosa yako, kwamba unaamini Yesu alikufa na kufufuka na kwamba jambo hilo limebadilisha maisha yako, ni kugumu mara kumi.

Nalijua hilo kwa sababu nilishindwa kulifanya kwa miaka sita. Katika shule moja ya mashariki mwa jiji, ambayo sitaitaja, nilianzisha kikundi cha maombi cha walimu, tukawa tunakutana Ijumaa saa saba katika chumba kilicho kando ya stoo ya vitabu. Siku moja mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaniambia kuna waliolalamika na kwamba chumba kile hakitatumika tena kwa maombi. Hakunipa barua wala hakuniambia ni nani aliyelalamika. Niliumia sana, na kanisani nikaombewa kama mtu aliyeteswa kwa ajili ya imani. Lakini nilichonyimwa kilikuwa chumba. Mdomo niliufunga mwenyewe. Hakuna aliyenikataza kuzungumza na mwenzangu tukisahihisha madaftari, wala kumtembelea aliyefiwa na kuomba naye nyumbani kwake. Niliichukua amri ya chumba nikaifanya kisingizio cha kila kitu, kwa sababu moyoni nilikuwa nimefurahi kupata sababu ya kunyamaza.

Aliyenitoa huko alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu mwenye akili kali aliyeacha kanisa akiwa chuoni na ambaye hakuficha dharau yake kwa mambo yetu. Mke wake alikuwa amelazwa wiki ya tatu. Wakati wa chai ya saa nne alisimama mbele ya thamosi, kikombe kitupu mkononi, akasubiri wengine watoke, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe huwa unaomba. Huwa unasema nini?" Nilijibu vibaya. Niligugumia, nikaruka kutoka jambo moja hadi jingine, nikamwambia kwamba huwa namwambia Mungu mambo kama yalivyo na kwamba naamini ananisikia kwa ajili ya Kristo, kisha nikakaa kimya. Hakusema asante. Kesho yake aliniletea maswali matatu aliyoyaandika nyuma ya karatasi ya mtihani, likiwemo la kwa nini Mungu amponye mmoja wodini na kumwacha wa kitanda cha pili. Mawili kati ya hayo sikuweza kuyajibu, nikamwambia hivyo. Mke wake alipona, naye hakuokoka kwa sababu hiyo, na hadi leo tunapozungumza kwa simu bado hajaokoka. Lakini huniuliza, nami humjibu, na ile miaka sita niliyomnyima mazungumzo haya naihesabu kuwa dhambi yangu kubwa kuliko nyingi ambazo watu wamewahi kunishuku.

Msomaji mwenzangu anasema dini ikiachwa ihubiriwe hadharani italeta uhasama kati ya Wakristo na Waislamu. Hofu yake ninaielewa. Hakuna Mkenya anayeweza kusahau tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, baadhi yao wakiwa katika maombi ya alfajiri, na wauaji wakiwatenga Wakristo na Waislamu. Lakini historia ya nchi hii ina upande mwingine ambao hatuusemi vya kutosha makanisani. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipofika pwani mwaka 1844, aliyempa barua ya kumtambulisha kwa maliwali alikuwa Sultani Said wa Zanzibar, Mwislamu, ambaye aliandika kwamba mtu huyu ni mwema na anataka kuwaleta watu kwa Mungu, basi atendewe vyema. Krapf alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwezi Julai mwaka huohuo, naye akabaki. Miaka miwili baadaye yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann walianza kazi Rabai, na kwa miaka mingi waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Bustani ya Jeevanjee, ambamo mimi na mamia ya wengine tumehubiri, iliachiwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mwislamu mzaliwa wa Karachi. Na Desemba 2015, magaidi waliposimamisha basi karibu na El Wak, Kaunti ya Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafariki Januari iliyofuata. Ni mwalimu mwenzangu. Nikisimama kuhubiri katika nchi ambayo Mwislamu alipigwa risasi kwa kukataa kuwaacha Wakristo wauawe, nitakuwa mtu wa namna gani nikilitukana jina analoliheshimu? Kifungu cha 138 cha sheria yetu ya makosa ya jinai kinakataza kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine, lakini mimi sihitaji polisi anifundishe hilo.

Heshima hiyo hainifungi mdomo. Jirani yangu sokoni ni Mwislamu, na ananijua kuwa mtu anayeamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, kama ninavyomjua yeye kuwa mtu anayeamini kwamba nimekosea, na kila mmoja wetu amemwambia mwenzake hivyo tukiwa tumeketi kwenye viti vya plastiki, tukinywa kahawa moja. Kumficha mtu unayemheshimu jambo unaloliona kuwa kubwa kuliko yote ni kumdharau kwa namna nyingine.

Wapo pia waliolipa gharama ambayo mimi sijawahi kudaiwa. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wapo ndugu wa Uamsho, lile vuguvugu la Wakristo wa Afrika Mashariki, katika nchi ya Wakikuyu waliokataa kula kiapo cha Mau Mau kwa sababu walisema wameshakunywa damu ya Kristo, na walipotakiwa na serikali ya kikoloni wachukue bunduki, walikataa pia. Wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Kanisa la ukumbusho wao liko Murang'a, na ndani yake Elimo Njau alichora kutani maisha ya Kristo katika sura na mandhari ya Kiafrika. Vita vile vilikuwa vya haki ya ardhi na uhuru, nami siwahukumu waliokula kiapo. Ninachosema ni kwamba ndugu wale walisimama mikono mitupu mbele ya watu wenye silaha, wakajibu walipoulizwa, na hawakumtukana mtu. Nikiwakumbuka, malalamiko yetu kuhusu kondakta aliyeongeza muziki hunitia haya.

Kwa hiyo sikubali wahubiri waondolewe hadharani, na sikubali tuendelee kama tulivyo. Wachungaji wa jiji hili wawafundishe vijana wao kujibu maswali kabla hawajawapa vipaza sauti, wawaambie wasiombe fedha ndani ya magari, na abiria akisema hataki, kijana anyamaze na kumtakia safari njema. Nasi wazee tunaowacheka vijana hao, tukisema kazi yao ni ya watu wasio na ajira, tuwaambie ni lini mara ya mwisho tulipomwambia jirani habari za tumaini letu.

Na kwako msomaji mwenzangu uliyeandika barua ile: ikiwa shughuli zako hukuleta katikati ya jiji, sisi huketi kwenye benchi la upande wa Moi Avenue, kuanzia saa saba hadi saa nane kasorobo. Hatuna spika, wala hatuna kikapu cha sadaka. Njoo Jumatano yoyote uniambie ana kwa ana mahali nilipokosea. Chai nitanunua mimi, na wewe ndiwe utakayezungumza kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi